Karatasi ya Juu Anayo Nani?

Kabla hamjanihukumu, naomba mjue kwanza kwamba mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani hata hasira zake huzipima. Sikurupuki. Napima, natia chaki, ndipo nakata. Siku nilipopanda basi kwenda kumfumania mume wangu nilikuwa nimeshapima mara tatu, na vipimo vyote vilikuwa vinalingana.

Mume wangu ni mwandishi wa vitabu. Najua mnataka kuuliza, hiyo nayo ni kazi? Hata mama yangu aliuliza hivyo siku mwanamume huyu alipokuja kujitambulisha. Akaambiwa ndiyo, ni kazi. Hajaridhika mpaka leo, na sasa ni miaka ishirini na sita.

Kwetu chumba cha mbele ndicho duka langu la kushonea. Cherehani iko dirishani, meza ya pasi iko katikati, na nyuma ya meza ya pasi, kwenye kona, ndiyo ofisi ya mume wangu: kiti kimoja, meza yenye mguu uliofungwa kamba, na kikombe cha kalamu. Utaratibu wetu ni huu. Akimaliza ukurasa anausoma kwa sauti, mimi nashona. Simjibu neno. Lakini anachosoma kikiwa na kasoro, mguu wangu husimama wenyewe juu ya pedeli. Sijui ni kwa nini. Shule niliishia darasa la saba, vitabu vyenyewe nasoma vyake tu, lakini uongo nausikia mguuni. Cherehani ikinyamaza, yeye anaguna, anafuta, anaanza upya. Ikiendelea kulia, anajua mambo ni mazuri. Kuna kitabu chake kimoja kilichosifiwa sana na wasomi. Sura ya tano ya kitabu hicho ilisimamishwa na mguu huu mara kumi na moja, na jina langu halimo hata kwenye shukrani. Nilimuuliza. Akasema, "Mke wangu, nikishukuru mguu, watu watanielewa vipi?"

Basi mwaka huo kiwanda kimoja cha magodoro, mji wa mbali, safari ya saa nane kwa basi, kilitimiza miaka arobaini. Mkurugenzi wake akataka historia ya kiwanda iandikwe kitabu, na akataka mwandishi akae hukohuko miezi sita ili aione kazi kwa macho yake. Akaitwa mume wangu.

"Historia ya godoro," nikamwambia huku namkunjia mashati. "Utaandika nini? Watu walilala, wakaamka, mwisho."

"Utaona," akasema. "Na nitakuandikia kila wiki."

Kweli, aliandika. Kila Ijumaa barua inaingia. Ya kwanza ilisema hivi:

*Mke wangu mpenzi, Sindano,*

*Nimefika salama. Chumba changu kina dirisha moja, kabati moja na magodoro matatu, kwa sababu Mkurugenzi anasema siwezi kuandika habari za kitu nisichokilalia. Jana nimelalia la kwanza, nikaota nimepotea jangwani na ngamia amenikalia. Leo najaribu la pili. Wewe tafadhali lala upande wangu wa kitanda, usipoe, maana nikirudi sitaki kuanza kuupasha moto upya. Nakukumbuka unavyotia uzi kwenye tundu la sindano, ulimi umechungulia pembeni ya mdomo. Hapa nimeangalia watu wengi. Hakuna anayetoa ulimi akapendeza. Kazi imeanza vizuri.*

Sindano ndilo jina alilonipa tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu ya kazi yangu, anasema yeye. Kwa sababu ya mdomo wako, anasema wifi yangu.

Wifi huyu ni dada wa mume wangu, anakaa nyumba ya pili, na kila asubuhi huja kunisaidia matundu ya vifungo na pindo. Kwa matundu ya vifungo hana mpinzani. Barua nilikuwa namsomea, ila naruka sehemu nyingine.

"Mbona umeruka?" anauliza.

"Hapo kumeandikwa kwa mwandiko mbaya."

"Mwandiko mbaya, na wewe unachekelea hivyo? Haya, wifi. Mzee mzima anakuandikia habari za ulimi. Kaka yangu ameharibika."

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilikuwa natembea dukani nimevimba kichwa. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na kila Ijumaa nilikuwa napaka mafuta mikono kabla ya kufungua bahasha. Kitu kimoja tu kilinisikitisha: mwandiko ulikuwa umefifia. Nikasema maskini mume wangu, huko aliko hana hata kalamu ya maana. Nikamtumia kalamu mbili mpya. Barua iliyofuata nayo ikaja imefifia vilevile. Nikasema labda anatunza zile mpya.

Ilipofika barua ya sita, nikasoma maneno haya: *Juzi kifungo cha shati langu la kijivu kilidondoka. Mama mwenye nyumba akakishona chapuchapu. Ana mkono mwepesi kweli, yule mama.*

Nikarudia kusoma. Halafu nikaiweka barua chini, nikaenda kunywa maji.

"Kifungo," nikamwambia wifi. "Mimi fundi. Mji huu wote unavaa mkono wangu. Halafu mume wangu anashonewa kifungo na mama mwenye nyumba, na ananiandikia, na anamsifu mkono!"

"Ni kifungo tu, wifi."

"Ni kifungo cha ngapi kutoka juu?"

"Hakusema."

"Ndiyo hapo! Hakusema!"

Hicho kilikuwa kipimo cha kwanza. Nikameza. Cha pili kilikuja wiki ya tisa, na ndicho kilichoniharibia kazi. Nilikuwa nabandika lesi kwenye gauni jeupe la harusi, gauni la watu wenye makuu, bibi harusi ana mama mkali na mama naye ana dada mkali kumzidi. Barua ikaletwa. Nikafuta mikono, nikaisoma, nikatabasamu kidogo pamoja na kinyongo changu cha kifungo, nikarudi kwenye gauni. Nilipolisimamisha nilitazame, nikaona balaa. Pale kifuani, upande wa kushoto, alama mbili za bluu, dole gumba na kidole cha shahada, zimekaa hadi mistari ya ngozi inaonekana.

Nikatazama vidole vyangu. Bluu. Nikaisugua barua kwa kipande cha kitambaa cheupe. Kitambaa kikawa bluu. Wino wa kalamu ukishakauka hautoki hivyo. Lakini wino huu nilikuwa naujua, kwa sababu ninao dukani kwangu.

Ngoja niwaeleze. Mteja akija namchukua vipimo: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Naandika kwenye kitabu changu, na katikati ya karatasi mbili nimeweka karatasi ya kaboni, hivyo ninachoandika juu kinatoka na chini. Ile ya juu, safi, yenye wino wenyewe, nampa mteja aende nayo, kwa sababu yeye ndiye mwenye nguo. Ile ya chini, iliyofifia, inayochafua vidole, naichoma kwenye msumari ukutani ikae na vumbi. Ni ya kumbukumbu tu.

Nikazitoa barua zote tisa chini ya mto. Nikazisugua moja moja. Zote za chini.

Wifi akanikuta nimekaa sakafuni na vitambaa tisa vya bluu.

"Wifi," nikamwambia, "mimi ni msumari."

"Ni nini?"

"Mimi napewa karatasi ya chini. Ya juu kuna mtu anapewa. Maneno yaleyale, mpenzi, ulimi, upande wa kitanda, yote, anaandika mara moja, anagawa mara mbili. Karatasi ya juu anayo nani?"

Wifi akafikiri. Ni dada mtu, damu ni nzito. "Labda anatunza wino."

"Kaboni haitunzi wino."

"Labda anatunza muda."

"Nani mwingine anaitwa Sindano?"

Hapo akakaa na yeye sakafuni. Baadaye akasema polepole, "Kaka yangu hana ubavu wa wanawake wawili. Mmoja tu anamtoa jasho." Kisha akaongeza, "Lakini dalili ya mvua ni mawingu." Nikamwambia afadhali angenyamaza pale mwanzo.

Lile gauni nililiokoa. Nilishona maua mawili ya kitambaa juu ya alama za vidole, moja kubwa, moja dogo, nikayatawanya mengine mpaka begani ili yaonekane yalipangwa. Mama wa bibi harusi akaja, akazunguka gauni mara mbili, akasema, "Hivi ndivyo nilivyotaka tangu mwanzo." Mpaka leo wateja wananiletea picha ya gauni lile na kuomba maua kifuani. Siwaambii.

Kipimo cha tatu nilikipima mwenyewe usiku na mchana kwa siku nne. Kila nikikanyaga pedeli naona sura ya mwanamke mwingine anasoma karatasi yenye wino mzito, anacheka pale pale ninapocheka mimi. Jambo la mwanamke mwingine lenyewe liliniuma, lakini hilo la kucheka mahali pamoja ndilo lililonikata maini. Nikafunga duka. Wifi akanisindikiza kituoni, akanipa mkate na ushauri.

"Usimpige kichwani," akasema. "Ndiko anakofanyia kazi."

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nayo mengi, na yalikuwa mazuri. Nilipofika kwenye ile nyumba na kubisha hodi, akanifungulia mama mmoja mrefu, mpana, mvi kichwani, mwiko mkononi.

"Karibu," akasema. "Wewe ndiye mke."

"Umejuaje?"

"Umeshika mkoba kama mtu aliyekuja kupiga. Pita. Mumeo yuko kiwandani, anarudi saa kumi. Utapiga ukiwa umeshiba."

Nikamwangalia mikono. Mikono mikubwa, vidole vinene. Nikasema moyoni, huu ndio mkono mwepesi? Nikaketi jikoni kwake, akanimiminia chai, na mimi sikutaka kuzungukazunguka.

"Mama," nikasema, "nasikia ulimshonea mume wangu kifungo."

"Mimi?" Akacheka mpaka mwiko ukadondoka. "Mwanangu, mimi ni mkunga, nimestaafu majuzi. Mikono hii imepokea watoto zaidi ya elfu. Sindano ya kushonea haijawahi kushika. Hebu tazama pazia langu." Nikatazama. Pazia lilikuwa limeshikiliwa kwa pini kutoka juu mpaka chini.

Basi sikufarijika hata kidogo. Kama si yeye aliyeshona, kuna mwingine!

"Mumeo mtu mwema," akaendelea, "ila naona kazi ya kitabu inamtikisa akili. Anasoma kwa sauti chumbani, peke yake, halafu anauliza, 'Hapo vipi?' Nikachungulia kujua anamuuliza nani. Anauliza kabati. Na mwezi uliopita alikuja hapa jikoni, kwa adabu kabisa, akaniuliza kama nina cherehani. Ninayo, ya marehemu dada yangu, mbovu. Akaniomba nikae niizungushe tu, bila kitambaa, yeye asome. Nikamwambia baba, mimi nimeona mengi katika kazi yangu, lakini hilo hapana."

Chai ikanipalia. Lakini sikuwa nimekuja kuhurumia mtu, nilikuwa nimekuja kutafuta karatasi tisa. Nikamwomba anionyeshe chumba.

Kilikuwa kama alivyoandika: dirisha moja, kabati moja, magodoro matatu yamepandana mpaka kiunoni. Juu ya meza kulikuwa na rundo la karatasi zilizoandikwa na kufutwa na, pembeni, kalamu zangu mbili, wino umeisha kabisa. Chini ya meza kulikuwa na kopo la biskuti. Nikaketi juu ya magodoro, miguu inaning'inia, nikafungua kopo.

Karatasi za juu zilikuwa humo. Zote tisa, zimepangwa kwa tarehe, zimefungwa uzi. Uzi wangu wa kijani, aliuiba wapi sijui. Nikazihesabu mara mbili. Hakuna aliyepewa. Nikajilaza chali kwenye magodoro yale matatu, nikacheka peke yangu. Kisha hasira ikarudi kwa mlango mwingine. Kama hana wa kumpa, basi mimi ameninyimia nini?

Nikaanza kuzisoma. Mwandiko ulikuwa uleule, maneno yaleyale, lakini chini ya kila barua, baada ya jina lake, kulikuwa na mistari midogo ya penseli. Hiyo kwenye nakala zangu haikuwepo. Alikuwa ameiandika baada ya kutoa kaboni.

Barua ya kwanza inasema *kazi imeanza vizuri*. Chini, kwa penseli: *Uongo. Nimeandika sentensi moja, nayo inasema godoro ni muhimu.*

Ya nne inasema *Mkurugenzi amezipenda kurasa zangu*. Penseli: *Hajaziona. Hazipo.*

Ya sita, ile ya kifungo. Penseli: *Hakuna aliyeshona. Kifungo kimo ndani ya kopo hili na shati liko chini ya godoro la kwanza, linamngoja mwenyewe. Nimeandika hivi ili apandwe na wivu, aje. Halafu nimeogopa kwamba kweli atakuja, aone sina kitu.*

Nikakung'uta kopo. Kifungo kikadondoka mapajani kwangu, kifungo cha kijivu chenye matundu manne, nilikinunua mimi.

Ya tisa ilikuwa na penseli nyingi kuliko zote. *Mkurugenzi amenipa wiki tatu nimwonyeshe sura ya kwanza, la sivyo nirudi nyumbani. Nasoma mbele ya kabati. Kabati linakubali kila kitu. Sijui tena kipi kizuri na kipi kibaya. Mke wangu, miaka yote hii nilidhani mimi ndiye mwandishi.*

Maneno yote niliyoyapanga ndani ya basi yakaniishia. Nililia, nasema wazi. Nililia kwa huruma na kwa hasira, na kidogo kwa fahari pia, kwa sababu ya ile mistari ya mwisho.

Saa kumi na dakika tano mlango ukafunguliwa. Akaniona juu ya magodoro, kopo mapajani, macho mekundu. Amekonda. Shati alilovaa lilikuwa na kola iliyogeuzwa vibaya.

"Sindano," akasema.

"Usiniite Sindano. Karatasi ya juu ni ya nani?"

"Ni yako."

"Mbona iko kwenye kopo?"

Akaketi kwenye kiti, akashika magoti. "Unakumbuka mswada wangu wa kwanza?"

Nani angeusahau! Miaka mitatu ya kazi. Aliutuma kwa mchapishaji ule wenyewe, bila kubaki na nakala, na ukapotea njiani. Mwezi mzima hakula vizuri. Mimi ndiye niliyemwambia siku ile, tena kwa ukali: kuanzia leo weka kaboni, tuma ya chini, ya juu isitoke nyumbani. Na tangu siku ile mume wangu hajawahi kutuma ya juu kwa mtu yeyote.

"Kwa hiyo mimi ni mchapishaji?" nikauliza.

"Hapana. Lakini mke wangu, tangu nimefika hapa sijaandika kitu cha maana isipokuwa barua zile. Zikipotea njiani, nimebaki na nini? Nikafanya kama ulivyonifundisha."

"Na ya penseli?"

Akatazama chini. "Ya penseli nilikuwa nangoja nikirudi. Tukiwa tumekaa."

"Mficha uchi hazai!" Sauti ilitoka mlangoni. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama pale, sijui tangu lini, na mwiko wake. "Nimewaambia wanawake elfu moja, na leo namwambia mwanamume. Samahani, endeleeni."

"Mama," nikamwambia, "ile cherehani ya marehemu dada yako iko wapi?"

Ilikuwa stoo, chini ya magunia. Mkanda umekatika, bobini ya uzi wa chini imeshika kutu, lakini chuma chenyewe kizima. Nikaipangusa, nikaitia mafuta ya kupikia kwa kuwa mengine hayakuwepo, mkanda nikautengeneza kwa ukanda wa mkoba wangu. Tukaipandisha chumbani. Nikang'oa lile pazia la pini, nikalikunja pindo.

"Soma," nikamwambia.

"Nisome nini? Ni aibu."

"Soma aibu yako."

Akachukua karatasi, akakohoa. "Godoro ni muhimu kwa maendeleo ya..."

Mguu ukasimama. Hata hakufika mwisho wa mstari. Tukatazamana. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akalalia meza, na mimi nikacheka, na kule jikoni mama naye tukamsikia anacheka bila kujua tunacheka nini.

"Yuko wapi yule mzee?" nikamuuliza. "Yule uliyeniandikia barua ya tatu, anayeshona mifuko ya magodoro miaka thelathini na moja, na nyumbani kwake analala sakafuni kwa sababu mgongo wake hautaki kitu laini? Na yule binti wa ghala anayejaribu magodoro kwa kuyarukia, mpaka Mkurugenzi akampiga marufuku halafu siku moja binti akamkuta Mkurugenzi mwenyewe anaruka? Mimi nimecheka mpaka nikakosea mshono. Wako wapi humu?"

"Hao niliwaweka kwenye barua," akasema. "Sikudhani ni wa kitabu. Ni mambo ya kukuambia wewe tu."

"Basi niambie mimi. Mkurugenzi atasikiliza pembeni."

Nilikaa siku kumi na mbili. Nilishona mapazia yote ya nyumba ile, foronya, na gauni moja la mama mwenye nyumba ambalo alisema ni la kuzikiwa, halafu akalivaa siku ileile. Mume wangu alikuwa anafungua kopo, anasoma barua, anaandika, ananisomea. Mguu ulisimama mara nyingi siku za mwanzo, kisha mara chache, kisha siku moja nikagundua nimemaliza foronya nne bila kusimama, na yeye kanyamaza ananitazama. Sura ya kwanza ikaenda kwa Mkurugenzi. Ya chini, bila shaka. Mkurugenzi akamwita ofisini, akamuuliza nani alimwambia habari za kuruka. Kisha akasema ibaki.

Na shati la kijivu nililitoa chini ya godoro, nikamvalisha, nikashona kifungo akiwa nalo mwilini, ingawa fundi yeyote atawaambia hiyo si kazi nzuri. Kilikuwa cha pili kutoka juu. Uzi niliukata kwa meno.

Wifi alinipokea kituoni, macho yamemtoka. "Umemkuta na nani?"

"Na kabati," nikasema, na sikusema zaidi mpaka tulipofika nyumbani.

Ijumaa barua ikaja. Nilipaka mafuta mikono, nikaifuta, nikafungua. Wino mzito. Nikageuza nyuma, nikapitisha kidole, nikahisi jinsi kalamu ilivyokandamiza. Nikaisugua kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikabaki cheupe. Iliandikwa:

*Sindano, hii ni ya juu. Ya chini sikuandika, kaboni nimempa mama wa mwiko. Ikipotea njiani, na ipotee, nitakuja kukuambia kwa mdomo. Sura ya tatu inaendelea, lakini kabati limeanza tena kukubali kila kitu.*

Nikakaa na barua ile asubuhi nzima. Halafu nikachukua kitabu changu cha vipimo, nikaweka kaboni katikati, nikamjibu. Nilimwambia habari za duka, za wifi, za upande wa kitanda. Ya juu, yenye wino, nikaichoma kwenye msumari ukutani. Ya chini nikaitia kwenye bahasha, ila kwanza nikaongeza mstari mmoja wa penseli: *Ya juu iko hapa ukutani. Ina maneno ambayo humo hayamo. Ukiyataka, yafuate.*

Nilituma Jumamosi. Alhamisi mchana akaingia dukani na sanduku, vidole vya bluu, sura zilizobaki ndani ya mkoba, Mkurugenzi amemruhusu kuzimalizia nyumbani. Hakunisalimu. Hakumsalimu hata dada yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye msumari, akaichomoa karatasi, akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisogeza dirishani kwenye mwanga.

"Mbona hakuna kitu zaidi?" akauliza.

"Hakuna," nikasema.

"Umenidanganya."

"Nimekudanganya."

Wifi akacheka mpaka akajichoma sindano. Mume wangu akabaki amesimama pale na sanduku lake, ananitazama, na mimi nikatia uzi kwenye sindano, ulimi nje, makusudi kabisa. Kisha nikakanyaga pedeli.

"Kaa hapo," nikamwambia. "Soma."